Ukungu Ukitoka

Juni iliyopita nilipanda basi Iringa nikaenda Uyole kumsalimia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, na wivu ulinishika hata kabla sijavua viatu. Mama alikuwa amesimama pale sebuleni karibu na dirisha, mrefu kunipita, mtungi kichwani, anang'aa kama ametoka kuoga sasa hivi. Huyo Mama ninayemsema ni sanamu ya mti wa mninga. Babu yetu aliichonga kule Igowole kabla sisi hatujazaliwa, na mimi ndiye niliyekulia miguuni pake. Lakini anakaa Uyole. Nikamwambia mdogo wangu kwamba amemtunza vizuri, na moyoni nikasema mengine ambayo sitayaandika hapa.

Tukiwa tunakunywa chai, jirani yake aliyekuwa amepita kusalimia akauliza habari za doa jeusi lililoko kwenye shavu la Mama. Mdogo wangu akajibu bila kuniangalia, "Nilimpaka vibaya nikiwa mtoto." Jirani akasema doa lenyewe linampendeza. Mimi nikanyanyua kikombe nikanywa chai ambayo ilikuwa imeshakwisha.

Hebu nikuambie ilivyokuwa, maana wewe huwezi kunicheka zaidi ya ninavyojicheka mwenyewe.

Babu alikuwa anachonga sanamu kubwa kubwa. Magogo ya mninga yalimfikia kwa lori kutoka mabondeni, kwa sababu kwetu Igowole miti ilikuwa milingoti na misindano tu, na hiyo yeye aliiita kuni. Alipofariki alimwachia Bibi sanamu tatu alizokuwa amekataa kuziuza: Mama mwenye mtungi, Mpiga Ngoma, na Mzee wa Fimbo. Bibi aliwapanga chini ya upenu wa mbele, wanatazama barabara, ili watu wakitoka kanisani Jumapili wawaone. Na watu walikuwa wanasimama kweli. Wengine waliwaamkia kwa utani, "Kamwene," na Bibi akawaitikia kutoka jikoni kwa niaba ya wenye nyumba.

Kazi ya kuwatunza haikuwa ndogo. Kila mmoja alisimama juu ya jiwe pana, na kuzunguka jiwe tulimwaga oili chafu ili mchwa wasipande. Kila mwezi tuliwageuza kidogo, watu wanne na gunia la kuburuzia, ili jua lisile upande mmoja. Na ilipofika kipupwe, pale upepo mkavu unapopasua midomo ya watu na mbao pia, tuliwapaka mafuta. Bibi aliyeyusha nta ya nyuki na mafuta ya alizeti kwenye kopo, juu ya makaa yaleyale yaliyokuwa yanachemsha viazi vya asubuhi. Hadi leo nikinusa nta nasikia njaa.

Sasa, kupaka kulikuwa na vyeo. Mtoto alianza na miguu. Akikua kidogo alipewa mgongo na mikono. Uso ulikuwa wa Bibi peke yake, hasa uso wa Mama, na wala usiulize kwa nini: ulikuwa uso wa Bibi mwenyewe. Babu alimchonga wakiwa wamefunga ndoa karibuni, mashavu yamejaa, jicho moja dogo kuliko lenzake. Mimi niliutamani uso ule kuliko nguo ya Krismasi. Nilikuwa nakaa na Bibi mwaka mzima, nachota maji, nakata majani ya ng'ombe, namenya viazi mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Kila kipupwe nilimwomba, na kila kipupwe alinishika kiganja akakigeuza geuza. "Una mkono mzito, mama," alisema. "Endelea na miguu."

Nilikuwa na miaka kumi na moja mdogo wangu alipoletwa likizo kutoka Uyole. Alikuja na viatu vya kamba na sweta la dukani, na mimi nilikuwa na gambuti za mjomba. Siku ya tatu tu Bibi akamshika kiganja, akakigeuza geuza, akasema, "Huyu ana mkono wa babu yenu." Akampa uso. Nilienda nyuma ya zizi nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Wiki hiyohiyo Bibi akaitwa kwenye msiba Kilolo. Alipokuwa anafunga kanga yake ya safari alimwambia mdogo wangu, "Keshokutwa, ukungu ukitoka, mpake Mama uso. Upake kidogo kidogo." Kisha akaondoka.

Mtoto yeyote wa Igowole alijua maana yake. Kwetu ukungu unalala juu ya mashamba ya chai usiku kucha, na asubuhi unaingia mpaka ndani ya upenu, unamfunika kila mtu, wa nyama na wa mti. Unatoka kwenye saa nne. Hapo ndipo unafuta sanamu kwa kitambaa, unangoja zikauke, ndipo unapaka. Ukipaka zikiwa na maji, maji yanafungiwa chini ya nta, na ule ukungu wa nje unageuka ukungu wa kuozesha.

Kesho yake tulikuwa tunamenya viazi. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, Bibi aliposema ukungu ukitoka, maana yake ukija au ukiondoka?"

Nilimenya kiazi kizima kabla sijamjibu. Halafu nikasema, "Ukija. Jua likitoka si linakuwa limekuja?"

Akaona ina maana. Siku ya pili aliamka saa kumi na mbili, akapasha kopo lake, akatoka. Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni na kikombe cha chai ya rangi. Ukungu ulikuwa mzito, namwona mabega tu, amepanda kwenye kigoda, anampaka Mama taratibu kwa kidole kama anayempaka mtoto mchanga. Alikuwa na mkono mwepesi, na hilo ndilo lililoniuma. Ningeweza kumwita. Nikanywa chai.

Wiki mbili baadaye shavu la kushoto likaota weupe, kisha weusi. Bibi alituita wote wawili tusimame mbele ya Mama. Hakupaza sauti. Aliuliza tu nani alipaka na alipaka saa ngapi. Mdogo wangu akanitazama, mara moja, halafu akatazama chini. "Ni mimi, Bibi. Nilielewa vibaya."

Nikangoja niitwe mimi, nipewe uso. Nilikuwa nimeshajiona na kopo mkononi. Bibi akamwambia, "Basi uso huu ni wako. Kila ukija utaufuta na kuusugua kwa jani la msasa mpaka upone." Na ndivyo ilivyokuwa. Kila likizo mtoto yule alitua begi akaenda moja kwa moja kwa Mama, na Bibi akakaa pembeni yake kwenye mkeka, wanaongea. Doa halikuisha. Mimi niliendelea na miguu mpaka nikamaliza kidato cha nne. Na Bibi alipokuwa anaaga dunia alisema Mama apelekwe Uyole, wajomba wakanung'unika, lakini akapelekwa, amefungwa mablanketi kama mgonjwa.

Sasa turudi kwenye chai. Jirani alipoondoka nilimwambia mdogo wangu ukweli. Nilisema nikitazama kikombe kitupu, mtu mzima mimi, mwalimu wa watu. Alikuwa anamfuta Mama vumbi na hakuacha kufuta.

"Nilijua, Dada. Nilijua siku ileile ukungu ulipotoka."

"Kwa nini hukusema?"

"Bibi alinikataza. Yeye alikwishajua, alikuona uso tu. Alisema utasema mwenyewe." Akakunja kitambaa. "Kila likizo nikifika alikuwa ananiuliza, dada yako amekwambia chochote? Nikimwambia bado, anasema, haya, tungoje."

Ungetegemea niseme nilipata nafuu. Hapana, niliona wivu upya. Miaka yote wawili wale walikuwa wamekaa kwenye mkeka mmoja wana siri yao, na siri yenyewe ni mimi.

Siku hizi uwanja wa Igowole umepandwa misindano hadi pale penye upenu. Mpiga Ngoma aliliwa na mchwa, na Mzee wa Fimbo mjomba alimuuza, hatujui yuko wapi. Hata ile lugha ya kuangalia ukungu sijui nani anaijua, maana mdogo wangu ana Mama ndani, juu ya vigae, anampaka mafuta saa anayotaka. Hayo yote nayavumilia. Ninachoshindwa kuvumilia ni jikoni kwa Bibi. Nilikaa naye mle miaka sita baada ya siku ile, asubuhi kwa asubuhi, viazi vinachemka, yeye na mimi tu. Alikuwa anangoja, na mimi nilidhani anaota moto.