Laisensi Kwa Mfuko ya Shikanga

Watu wa kanisa wanasemanga Cleophas Shikanga ni mtu wa heshima. Wacha waseme. Hawakuwa kwa mto.

Shikanga alitoka Khwisero, akaoa msichana wangu Nanjala, akawa fundi wa baiskeli hapa Amalemba. Kazi anajua, siwezi danganya. Mwaka wa tisini na tatu mtu wa samaki wa serikali akaanza kuzunguka mto Isiukhu, anashika watu wa ndoano. Shikanga akanunua laisensi. Alivimba huyo! Akaita watoto wake, Mideva na Wesley.

"Hii karatasi inawafunika hata nyinyi," akawaambia. "Bora baba akuwe hapo kwa maji. Baba akikosa, nyinyi ni wezi."

Sheria aliijua kuliko Baba Yetu.

Sasa, kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani ovyo ovyo. Yeye akija kwa njia, mimi naingia kwa miwa. Mpaka siku ataniletea kuku na blanketi, tushikane mkono, ndio hiyo haya inaisha. Shikanga alikuwa hajaleta. Kila mwaka alisemanga mwaka ujao.

Jumamosi moja nikashuka mto na kikapu yangu. Sisi akina mama wa vikapu hakuna mtu alikuwa anatuuliza kitu. Nguo nimefunga juu ya magoti, niko ndani ya maji. Watoto walikuwa hapo na ndoano zao.

"Kukhu, baba anakuja," Mideva akaniambia mimi nyanya yake. "Anachimba chambo."

Kabla baba afike, mtu wa samaki akafika.

"Laisensi?"

"Iko na baba," Mideva akasema.

"Na baba iko wapi?"

Nikaona kofia nyekundu kwa miwa. Shikanga alikuwa ameona miguu yangu, akajificha. Haya, hapo sikumlaumu. Nikatoka mbio, nikajifunga leso, nikageukia mto, miwa nikaipa mgongo.

"Wewe wa kofia!" nikapiga kelele. "Sikuoni! Toka useme watoto ni wako!"

Kofia ikainama. Ikapotea.

"Nyanya, unaongea na miwa?" mtu wa samaki akacheka. Akakusanya ndoano, akashika Mideva mkono, yeye ndiye mkubwa. "Baba yake akipatikana, amfuate ofisini."

"Baba!" mtoto akaita, mara moja tu. Hakulia. Alitembea akiangalia miwa mpaka miwa ikaisha.

Nikamtuma Wesley kwa mama yake, nikafuata Mideva na nguo inatoa maji. Jioni ndio Nanjala alimpata bwana yake, akamleta ofisini. Laisensi ilikuwa safi kama imepigwa pasi. Mtoto akaachiliwa. Shikanga akasimama nyuma ya mlango, anatuma sauti:

"Mama Mideva, mwambie mama nilikuwa natunza heshima."

"Mwambie mimi nilikuwa nimejifunga leso," nikamjibu. "Yeye ndiye alikuwa uchi."

Wiki hiyo hiyo kuku ikakuja, na blanketi. Mwaka ujao ilifika haraka sana! Blanketi nikampa Mideva. Kuku nikakula, mifupa nikatupia mbwa. Mkono bado anangoja.

Siku hizi anaenda mto peke yake na laisensi yake mpya. Akiita Mideva, msichana anachukua kikapu.

"Kukhu," ananiambia, "twende chini kule kwingine."