Jina la Mtoro Mlangoni

Fikirini hupaka magari rangi hapa Kibiti, ng'ambo ya barabara kutoka duka langu la vipuri. Ni mtu wa maneno machache na msasa mwingi. Tumekaa majirani miaka kumi na minne, na kosa lake kubwa nalijua vizuri, maana lilikuwa likipita mbele ya duka langu kila wiki likiwa na matairi sita.

Kosa lenyewe ni lori la Bedford la mzee Mtoro, kongwe kuliko wengi wetu, lililokuwa likibeba nazi na kamba wakavu kutoka Nyamisati, zinakofunga boti za delta. Mlangoni palikuwa na jina lake, kama walivyoandika wenye malori wa zamani: M. MTORO, na sanduku la posta chini yake. Mzee alitaka lipakwe upya ila hakutaka kupoteza safari, kwa hiyo Fikirini alilifuata huko huko Nyamisati. Alilisugua, akalifuta kwa maji ya kisima cha bandarini, ambayo hata kupikia chai hayafai kwa chumvi, akapiga rangi ya mafuta juu ya chuma kitupu. Liling'aa. Watu wakasifu, naye akazipokea sifa zote.

Masika ya pili rangi ikafura malengelenge, ikaanza kubabuka pale pale penye jina. Mzee hakumlaumu. Aliendelea kumsalimu kama kawaida, na Fikirini aliniambia kwamba afadhali angetukanwa. Mtoro alifariki jina lake likiwa limebaki nusu.

Mjane wake, Bi Salima, alikuja karakana mwaka juzi. Lori lilikuwa limelala tangu msiba; injini ilikuwa imeshafufuliwa na mafundi wengine, na wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa hawaishi kumbishia hodi.

"Shikamoo mama," alisema Fikirini.

"Marahaba. Lori nakuletea weye kwa sababu weye ndiye uliyeliharibu. Likibabuka tena nawapa watu wa chuma chakavu walikate vipande. Na jina usiandike mpaka miye nikwambie. Jina la mume wangu halibabuki mara mbili."

Fikirini aling'oa milango, bampa na rimu, akavisugua mpaka chuma cheupe, akavifunga kwa turubai. Kisha hakupaka kitu. Alikata vipande vinne kutoka bampa bovu, akavipaka rangi nne. Cha kwanza buluu ya mafuta, ile ya mageti. Cha pili krimu inayokauka upesi. Cha tatu nyekundu ya kopo moja juu ya rangi ya chini. Cha nne kijivu, ile ya makopo mawili unayochanganya na dawa yake ya kukazia. Hiki hakukipaka rangi nyingine juu, kikabaki kibaya kama sufuria la msibani. Kila kipande alikikwaruza alama ya msalaba kwa ncha ya kisu, mpaka chuma kikaonekana, ili aone kutu itatambaa chini ya rangi ipi. Akavipeleka Mbwera, ndani ya delta, kwa dada yake Tatu, vitundikwe kwenye boriti ya mkoko nje ya nyumba, mahali maji yanapojaa na kupwa.

Miezi minane mizima Bi Salima alipita kila Jumamosi kutazama turubai. Mimi ningekuwa Fikirini ningehama mji.

Masika yalipokwisha Fikirini alipanda boti kwenda Mbwera. Alivikuta vipande vitatu vimetundikwa ndani, juu ya kitanda, vinang'aa kama siku alipovipeleka.

"Kaka, vitu vyako nimevitunza," Tatu alisema kwa furaha. "Nikaona huko nje chumvi itaviharibu. Kila Ijumaa nilivipaka mafuta ya nazi. Hata kutu havina."

Miezi minane ya kazi, imepakwa mafuta ya nazi! Fikirini alikasirika, na aliponisimulia nilicheka mpaka nikashika kaunta. Umlaumu nani? Kwa watu wa kule, kitu cha kaka hakiachwi kikaoza nje huku dada yupo. Fundi aliyejua kila kitu kuhusu chuma alisahau kumweleza dada yake kwamba anataka viharibike.

"Na cha nne?" aliuliza mwishowe.

Tatu aliona haya. "Kile cha kijivu? Nilidhani ni cha kutupa, kaka, kilivyo kibaya. Nilikifunga na jiwe kikawa nanga ya mtumbwi."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kilitembezwa majini kweli kweli. Fikirini alikivuta kutoka kwenye tope, kimeota chaza ubavuni. Alikibandua chaza, akakiosha, akautafuta msalaba wake. Mistari ilikuwa na kutu, lakini kutu ilikuwa imebaki ndani ya mistari. Aliingiza ukucha pembeni, rangi haikunyanyuka. Akakaa chini kwenye matope na suruali yake ya safari.

Akarudi akapaka kijivu cha makopo mawili kwanza, kwa maji matamu ya kuoshea na siku kavu ya kupakia, kisha juu yake kijani alichokipenda marehemu. Lori lilipokamilika Bi Salima alilizunguka mara mbili. Akatoa ufunguo wa nyumba yake, akaukwaruza mlango, pale pale palipokuwa na jina, mpaka chuma kikatokea. Fikirini alishika kichwa.

"Si ndivyo unavyopima weye?" alisema Bi Salima, ambaye habari za vipande zilikuwa zimemfikia. "Tuonane mwakani."

Mwaka mzima lori lile lilikwenda Nyamisati na kurudi, vuli na masika. Kila lilipopita, Fikirini aliacha kazi akautazama mlango, kisha akarudi kwenye msasa wake.

Mwezi uliopita Bi Salima alilisimamisha mbele ya karakana. Fikirini alipitisha kidole kwenye mkwaruzo, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na ufa mwembamba wa kutu, hauzidi upana wa ncha ya ufunguo ulioufanya. Kando yake rangi ilikuwa imeshika.

Bi Salima naye akapitisha kidole.

"Ziba hapo," alisema, "uandike."

Fikirini aliingia ndani kuchukua brashi ndogo. Alichelewa kutoka, na alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akapiga magoti mbele ya mlango, akaanza na herufi M.