Kadi Aliyoichoma Bi Zuena

Bi Zuena, jamani, aliletwa kambi ya ukoma ya huku Kigamboni akiwa kigoli. Akapona, akaolewa humohumo, akafiwa humohumo. Chumba chake ni kile cha mwisho, karibu na kisima. Vidole alibakiwa na viwili, na kwa hivyo viwili alisonga ugali, akasuka ukili, na kila jioni akamkuna mgongo jirani yake, Mzee Faraji, asiyebakiwa hata na kimoja.

Mwaka huu wakaja watu wa uhakiki. Eneo linatakiwa. Atakayebaki ni mwenye kadi ya matibabu ya ukoma. Wengine ni wavamizi, wahame.

"Shikamoo bibi. Kadi yako?" akauliza Sekela, binti wa uhakiki.

"Marahaba mwanangu. Sina."

"Imepotea?"

Haikupotea. Aliichoma mwenyewe jikoni, juma moja kabla ya harusi ya mwanawe Naima, wakwe wa Tegeta wasije wakaiona. Wakwe waliambiwa mama mtu aliungua moto.

Mzee Faraji akadakia, "Kadi ya nini tena? Mtazame mikono! Au unadhani vidole kavikopesha?"

Watu wakacheka. Sekela hakucheka. "Mzee, hata mashine hukata vidole. Basi ndugu wa damu athibitishe kwa barua, igongwe muhuri na mwenyekiti wa mtaa anakoishi. Mwisho leo."

Ndugu wa damu ni Naima peke yake. Bi Zuena akampigia, simu kaibana kwa viganja, akamweleza.

"Mama," Naima akasema, "mwenyekiti wetu ndiye mjomba wa mume wangu Muhannad. Atajua kabla wino haujakauka. Na hawa wanangu watatu wa kike, nani atawaoa?" Akaanza kulia. "Lakini ukisema niende, naenda."

Hapo ndipo kisu kilipofika mfupani. Neno moja tu, na chumba kingekuwa chake mpaka siku ya kubebwa.

"Usiende, mama. Kadi nimeshaiona. Ilikuwa chini ya godoro."

"Kweli?"

"Wallahi."

Akarudi kwa Sekela. "Andika sina ndugu."

Sekela akaandika. Mwenzake mwenye kopo la rangi akaenda mpaka kile chumba cha mwisho, akapiga X nyekundu mlangoni.

Jioni Mzee Faraji akaja kama kawaida, akaketi akimpa mgongo. Bi Zuena akamkuna.

"Kwa hiyo, mwenzangu," mzee akauliza bila kugeuka, "mie atanikuna nani?"

Bi Zuena akaendelea kukuna.