Kasuku wa Baba Mkwe na Kamba ya Mguuni

Kwetu Ibaba, siku zile za Mwingereza, mke hakutazamana na baba mkwe wake. Hakumsemesha, hakukutana naye njiani. Nikisikia kikohozi chake nilijitupa migombani, nguo nimejifunika mpaka usoni. Nilisoma madarasa mawili tu ya misheni, kwa hiyo huenda nikapotosha kidogo, ila hili nalikumbuka vizuri. Au nadhani hivyo.

Baba mkwe alirudi kutoka machimbo ya shaba ya Katanga na macho mabovu na kasuku mmoja wa kijivu, mkia mwekundu. Macho yalipozidi kufifia, ndege huyo ndiye aliyebaki kuzungumza naye mchana kutwa. Wengine walikuwa shambani. Mimi niliyeshinda nyumbani na mimba yangu sikuruhusiwa. Kasuku alikisema Kiswahili cha huko: "Bwana, kuya!" Yaani, njoo.

Asubuhi moja mume wangu alimtoa ndege aote jua, akamfunga mguu kwa kamba ya katani, ndefu, kama tunavyomfunga mbuzi ili apate nafasi. Kisha akaenda shambani na mama yake. Sisemi ulikuwa uzembe. Hata mimi niliona ni huruma. Mbuzi hana mabawa, hilo hatukuliwaza.

Nilikuwa nyuma ya ua wa matete, napepeta ulezi, niliposikia makelele. Nikachungulia. Kasuku alikuwa ameruka kwa nguvu zake zote, kamba ikanasa kwenye tawi la mti wa kahawa, naye ananing'inia mguu mmoja, kichwa chini, mabawa yanapigapiga. Baba mkwe alikuja akipapasa, akaishika kamba, akavuta. Kila akivuta, mguu unazidi kunyooka. Juu, mwewe alishaanza kuzunguka.

"Kuya! Bwana, kuya!"

"Nipo, baba, nipo," mzee alijibu, akavuta tena.

Shamba lilikuwa ng'ambo ya bonde, nani angenisikia? Nikamgeukia ndege.

"Wewe kasuku! Mwambie anayekuvuta aache! Kamba imenasa juu, anakuvunja!"

Mikono ya mzee ikaganda. Nikajua sasa ataondoka kwa aibu, au atanilaani. Lakini naye akamwambia ndege:

"Kasuku, muulize huyo, nifanye nini basi? Mimi sioni."

"Kasuku, akuinue kifua kwa mkono, kamba ilegee."

Akamwinua. Ndege akamng'ata kidole mpaka damu.

"Ng'ata tu, mshenzi wewe," akasema, asimwachie.

Mkono wa pili ukachomoa kisu kiunoni. Akikata sasa, ndege ataponyoka aingie msituni, na mwewe yupo.

"Kasuku, asikate! Akufunike kwanza!"

"Kwa nguo gani? Nimevaa kaptula tu!"

Nguo ya karibu ilikuwa ile ya kichwani mwangu. Nikaivua, nikairusha juu ya ua.

"Kasuku, imeanguka kuliani kwake."

Akaitafuta kwa mguu, akaivuta, akamviringisha ndege, ndipo akakata. Mimi nilisimama kichwa wazi, uso nimeugeuzia ukuta wa nyumba, hadi niliposikia mlango wake unafungwa.

Mguu ulivimba, haukuvunjika. Wanawake wa jirani walisema nimevunja adabu. Labda ni kweli; sikubisha, na mpaka leo sijaamua. Mama mkwe alinirudishia nguo yangu ikiwa na matundu ya mdomo wa kasuku.

Baba mkwe mwenyewe, kwa kupapasa, alishona mkanda wa ngozi laini ya mbuzi, ukapita kifuani na chini ya mabawa ya ndege, na kamba yake fupi, haifiki hata tawi la kwanza. Kijiti anachosimama kasuku akakihamishia karibu na ua wangu. Tangu hapo, akitaka kuingia ndani ili anipishe njia, nilimsikia:

"Kasuku, tunaingia. Mwenye mtungi apite."

Nami nikirudi kutoka mtoni, nasema nikiwa nyuma ya matete:

"Kasuku, maji yamefika."