Mguu Uliokuwa Unachelewa

Fundi wetu wa miguu ya bandia tulimpa jina la Mizani, na mwenyewe alilipenda. Kila kilichopita mbele yake alikipima: viatu vyake vipya, mkoba wa mgonjwa, mkate wa chai ya saa nne, na siku moja alimpima hata paka wa karakana aliyekuwa amejilalia zake. Ukibishana naye jambo lolote, ananyoosha kidole kwenye mizani ya chuma iliyo kando ya dirisha na kusema, "Tuiulize ile. Haina ndugu, haina adui." Mimi ndiye ninayeshona mikanda ya ngozi ya miguu hiyo. Nimekaa naye benchi moja miaka kumi na mitatu, kwa hiyo nikimsema, namsema kwa haki.

Balaa lilianza mama mkwe wake alipokatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Mama huyo, mwalimu mstaafu, anaishi na Mizani na mkewe ghorofa ya pili, ngazi thelathini na nne. Bila mguu hashuki. Alikuwa ameshakaa miezi tisa anaitazama barabara kupitia dirishani. Binti yake akapendekeza kiti cha magurudumu, mama akakikataa katakata. "Kiti hakishuki ngazi," aliniambia. "Mtakuwa mmenifungia humu humu mpaka nife."

Mizani akaapa kumtengenezea mguu ambao hajawahi kumtengenezea mtu. Lakini mtu na mkwewe! Kumshika goti hakuweza, na hata kumtazama akijaribu kutembea aliona haya. Vipimo nilichukua mimi. Siku ya kujaribu, fundi mzima alisimama nje ya mlango akijifanya anatafuta msumari. Alipouliza, "Mama, mguu unauonaje?" mama alijibu, "Mzuri, baba. Ubarikiwe." Mlango ulipofungwa akanigeukia mimi: "Mzito huu. Mwambie, lakini mwambie vizuri."

Nikamwambia vizuri. Mguu ule ulikuwa na kilo mbili na nusu. Akatengeneza wa pili, akachonga sehemu ya juu pale kigutu kinapoingia, akatoboa na muundi kwa ndani, ukabaki kilo mbili kamili. Mama akasema "Mzuri, baba," akaanguka ngazi ya tano. Mizani akarudi benchi. Kwa mguu wa tatu alikwangua juu mpaka pakawa pembamba kama bakuli la plastiki. Chini, kwa kuogopa mama asianguke tena, akaweka wayo mpana wa mti mgumu na soli nene ya mpira. Mizani ikasema kilo moja na robo tatu. Aliniita niione namba hiyo kwa macho yangu, na siku nzima alipiga mluzi.

Safari hii mama alianguka akapasuka nyusi.

"Huu ndio mzito kuliko yote," aliniambia huku nikimkandamizia kitambaa. "Halafu unachelewa."

"Unachelewaje, mama?"

"Mimi nimeshafika kwenye ngazi, wenyewe bado unakuja."

Mke wa Mizani alisimama jikoni mikono kiunoni. "Akianguka tena mara moja, mara moja tu, naleta kiti, na habari za mguu nisizisikie humu ndani."

Nilipompelekea Mizani maneno hayo, alikaa juu ya ndoo ya plasta akashika kichwa. Akaweka pakiti ya unga ya kilo mbili juu ya mizani. Kilo mbili. Akaweka mguu wa tatu. Kilo moja na robo tatu. Akaugeuza, akaulaza, akausimamisha. Namba ile ile. "Haingii akilini," alisema. "Napunguza, unaongezeka. Napunguza tena, unaongezeka tena. Labda mama hanipendi. Miaka ishirini na miwili ananiita baba, kumbe roho yake haiko kwangu."

Nilichukia. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," nikamwambia. "Mama anapasuka uso, wewe unawaza kupendwa?" Lakini na mimi nilikuwa gizani kama yeye. Niliinyanyua ile miguu, wa kwanza mkono huu, wa tatu mkono huu, na kweli wa tatu ulikuwa mwepesi. Nikaanza kufikiri kwamba labda mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa kwa uzee. Naona aibu kulisema hilo, lakini nilifikiri hivyo.

Kesho yake asubuhi miguu hiyo miwili ilikuwa inaning'inia kwa mikanda yake kwenye misumari juu ya benchi. Nilipita kuchukua uzi, bega langu likaigonga yote miwili. Ikaanza kubembea. Mwanzoni ilikwenda sawa, kisha ikaachana. Mizani akaacha kukwangua. Akaisimamisha, akaivuta kiasi kimoja, akaiachia kwa pamoja, tukahesabu kwa sauti. Wa tatu ulipomaliza kwenda na kurudi mara kumi, wa kwanza ulikuwa umeshamaliza kumi na moja.

"Mzito unawahi na mwepesi unachelewa," Mizani akasema. "Sasa hii ni nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi mshona mikanda."

Tukarudia mara nne, tukazidi kuchanganyikiwa. Nilikuwa na nyundo mkononi, na kwa kukosa la kufanya nikawa naipunga huku na huku, mara nimeishika karibu na kichwa chake, mara mwisho wa mpini. Nikisogea mwisho wa mpini, kiwiko kinalalamika. Nyundo moja, mkono mmoja. Nikamwonyesha. Alinitazama muda mrefu kama mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali. Kisha akautoa mguu wa tatu msumarini, akaushika juu kabisa, akaupunga. Mkono ukamvutika. Akaupunga wa kwanza, ukamtii.

"Uzito si mwingi," akasema taratibu. "Uko mbali. Yeye haubebi kwenye kiganja kama mimi, anaupunga kwa goti. Na mimi nimetoa karibu na goti nikaweka kidoleni."

Alinawa mikono, akaniambia nimfuate. Tulipanda ngazi zote thelathini na nne. Alikaa sakafuni mbele ya mkwewe, akaomba ruhusa ya kushika goti. Mama akatazama dirisha, mkwe akatazama zulia, mimi nikawatazama wote wawili.

"Mama, uupunge niusikie. Na uniambie ukweli."

Mama akaupunga mara tatu. "Mbaya, baba," akasema. "Yote ilikuwa mibaya. Nilikuwa naogopa kukuvunja moyo."

"Umepasuka uso, mama."

"Uso unapona."

Mizani aliinamisha kichwa, nikaona machozi yanadondokea kwenye wayo wake wa mti mgumu.

Mguu wa nne aliupa wayo mdogo wa mti laini, uliochimbwa ndani, wenye soli nyembamba. Juu aliacha unene kama mwanzo. Alipouweka kwenye mizani, kilo mbili na gramu mia. Aliutoa akaurudisha mara tatu, hakuamini kwamba amefanya jambo hilo yeye mwenyewe.

Mkewe, aliyekuwa amekuja karakana siku hiyo, akaisoma namba juu ya bega lake. "Umeongeza uzito?"

"Nimeongeza."

"Baba watoto, una akili timamu?"

"Sijui," akajibu, na alikuwa anasema kweli.

Siku ya ngazi, alishuka kinyumenyume mbele ya mama, mikono ameitandaza. Mimi nilishika mkanda kwa nyuma. Mama aliposhuka ya kwanza nilifumba macho. Ya tano alisimama, akavuta pumzi, akaendelea. Kuanzia ya kumi aliniambia niache kumvuta, namchelewesha. Tulipofika chini, Mizani alikuwa amelowa jasho kuliko mkwewe.

Tukatembea naye mpaka getini. "Inatosha kwa leo," Mizani akasema. "Tugeuze, mama."

"Geuza wewe," mama akamjibu, akatoka.

Alishika njia ya kushoto akifuata ukuta, fimbo mkononi, hageuki nyuma. Mizani alipiga hatua mbili akasimama, akanitazama, akatazama njia, akanitazama tena. Akamwita mara moja, fimbo ikaendelea kugonga. Juu dirisha likafunguliwa kwa nguvu.

"Mama yuko wapi?" mkewe akauliza.

"Ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Hakusema," Mizani akajibu, akicheka na kulia kwa pamoja. "Nimemwita, lakini ameshakata kona."