Visheti chini ya buibui

Asubuhi niliwafundisha wasichana wa darasa langu, kwa ukali wa kadhi: "Sukari si chakula! Kuleni samaki, mchicha na matunda."

Mchana njaa ikanishika. Nikajifunika buibui mpaka usoni, nikaenda Jang'ombe kwa bibi mmoja anayeuza visheti, vitafunio vilivyojaa sukari. Nani atanijua? Nikanunua vinane, nikaanza kutafuna pale pale, nikijiona mjanja kweli.

"Shikamoo, mwalimu," msichana mmoja akaniamkia.

Nikautazama mkono wangu ulioshika kisheti. Vidole vyote vyeupe kwa chaki.

"Marahaba," nikajibu, mdomo umejaa.

Alikuwa mwanafunzi wangu, anakula chungwa. Akanipa nusu kwa adabu, mikono miwili.

"Chukua, mwalimu. Sukari si chakula."