Visu vya Ardis na Makaburi ya Kanisa

Kwa miaka kumi na tisa Ardis Kvamme, dereva mstaafu wa basi la shule, alikata nyasi za makaburi ya kanisa lao huko Minnesota bila kuombwa na mtu. Mumewe kalala pale, na kila mashine ikikaribia jiwe lake, Ardis hupunguza mwendo na kumpa habari za mji, umbea ukiwemo. Basi Duane Rustad, mwenyekiti wa kamati ya makaburi, aliposema labda waajiri kampuni kwa sababu nyasi zimeanza kuonekana kama zimetafunwa, Ardis alikasirika hadi masikio yakawa mekundu.

"Nipe mpaka Jumamosi mchana," alisema. "Jumatatu watu wanaleta maua kwenye makaburi ya askari. Usipopapenda, ita kampuni yako."

Ijumaa aliifungua mashine. Alichomoa waya wa plagi, akalishusha lile kava la chuma linalofunika visu na kulipindua. Nyasi mbichi zilikuwa zimegandamana humo, nene na ngumu kama ukoko wa ugali. Alikwangua kwa mwiko wa plasta, akaosha, akakausha, akatia grisi. Visu alivinoa kwa tupa hadi vikang'aa, akavifunga na kujipongeza kwa kipande kikubwa cha keki.

Jumamosi asubuhi alianza na ukanda wa kando ya barabara. Nyasi zikalala, zikachanika, mbaya kuliko mwanzo. Akarudia, hali ile ile. Alilaumu mvua, akamlaumu hata marehemu kwa kuchagua mashine ile, na machozi yalikuwa karibu. Jirani yake Lois akamkuta hapo, chupa ya kahawa mkononi.

"Umevinoa kweli?"

"Nimevinoa mpaka naweza kukunyoa ndevu."

"Sina ndevu mimi."

"Unazo. Vaa miwani."

Lois akacheka, akainama kuchungulia chini ya mashine. "Si visu huandikwa upande unaoelekea nyasi?"

"Huandikwa. Kila mtu anajua hilo."

"Mbona huku chini sioni maandishi?"

Ardis alienda kuchukua spana.

Kufikia saa sita mchana nyasi za makaburini zilikuwa zimenyooka mistari kwa mistari, zinapendeza. Ule ukanda wa barabarani tu ulibaki umechanika, hauna tena cha kukata, na gari la Duane lilikuwa linaegeshwa hapo hapo.

"Sema kulungu wamekula," Lois alinong'ona.

Lakini Ardis hakujua kudanganya. Duane aliponyoosha kidole tu, akasema, "Ni mimi. Nilifunga visu juu chini."

Duane aliinama, akachuma majani mawili, akayatazama muda mrefu mno.

"Visu vikigeuzwa, hivyo ndivyo nyasi zinavyokuwa? Zinachanika hivi?"

"Ndivyo."

"Zangu zilikuwa hivi mwaka juzi, kiangazi kizima," alisema polepole. "Nikanunua mashine mpya."

Kahawa ikampalia Lois. "Na ile ya zamani iko wapi?"

"Nilimpa shemeji yangu. Kila siku analalamika haikati."

Ardis alicheka hadi akashika jiwe la mumewe lililokuwa hapo jirani asianguke.

"Mwambie ailete," alisema akipangusa macho. "Na ile kampuni yako inakuja lini?"

"Kampuni gani?" akauliza Duane.